Mzee wa Calabria, binti yake na mwanangu: naomba tuzungumze kuhusu watoto tunaowalea ugenini

Mwana-Kalemie:

Ndugu zangu, hodi jukwaani. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika vipande vipande baada ya zamu za usiku, mtanivumilia.

Mwezi wa pili nilimfuata mwanangu shuleni. Nikashusha kioo cha gari, nikamwita kama ninavyomwita siku zote: "Weye, kuya tuende!" Alikuwa amesimama na wenzake wanne. Akaingia garini, akafunga mlango taratibu, akaniambia kwa Kiingereza nisimwite tena vile mbele ya watu. Ni binti wa miaka 15. Maneno yake ya kwanza duniani yalikuwa ya Kiswahili. Niliendesha mpaka nyumbani bila kusema kitu, nikaingia bafuni, nikafungulia maji ili asisikie ninavyolia.

Sikuja kumsema mwanangu. Nimekuja kuwasimulia familia moja ya Kiitaliano, kwa sababu ndiyo iliyonizuia kumtolea maneno makali jioni ile. Najua humu wengi mnalea watoto Ulaya, Marekani na Uarabuni, na mnayajua machozi hayo.

Mimi ni mzaliwa wa Kalemie, Kongo. Nilivuka ziwa mwaka 1999 na mama na wadogo zangu, tukaishi kambi za wakimbizi Tanzania, kwanza Lugufu, baadaye Nyarugusu. Mwaka 2010 tukaletwa Australia, kwenye mji wa Shepparton, kama kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne. Wakongo walianza kuletwa hapa 2005, serikali ilipojaribu kupeleka familia za wakimbizi moja kwa moja kwenye mji wa mashambani badala ya jiji kubwa. Kwa hiyo sisi tulipofika tulipokewa kwa Kiswahili, na ugali ulikuwa tayari mezani.

Ila kabla yetu walikuwepo Waitaliano. Mji huu umezungukwa na mashamba ya pichi, peasi na nyanya, na mengi yamepita mikononi mwao. Nenda makaburini usome majina kwenye mawe, utafikiri uko Italia.

Nafanya kazi nyumba ya wazee. Kati ya ninaowahudumia yupo mzee wa miaka 87, mtu wa Calabria, kule chini kabisa kwenye kidole cha ile buti ya ramani ya Italia. Sitataja jina lake wala la mtu yeyote wa familia yake. Binti yake amenipa ruhusa ya kusimulia, na amesema nisipambe.

Mzee alifika mwaka 1961. Italia na Australia zilikuwa zimetiliana sahihi mkataba mwaka 1951: huku wanahitaji mikono ya kazi, kule vijijini kusini mwa Italia kuna njaa na ardhi haitoshi. Lakini msidhani walipokewa kwa maua. Nchi hii tangu 1901 ilikuwa na sheria ya kuzuia watu wasio weupe, na Mwitaliano wa kusini, mweusi wa jua, mfupi, Mkatoliki, asiyejua Kiingereza, alihesabiwa mweupe kwa shingo upande. Waliotakiwa hasa walikuwa Waingereza.

Walimpeleka Bonegilla, karibu na Wodonga. Ilikuwa kambi ya jeshi, mabanda ya mabati, baridi ya kukata mifupa. Kati ya 1947 na 1971 walipita pale watu zaidi ya 300,000. Waliahidiwa kazi. Julai 1961 kazi hakuna, wiki zinapita, chakula ni nyama ya kondoo kila siku. Wahamiaji wakaandamana, wakapambana na polisi. Mzee alikuwepo. Binti yake aliponisimulia hayo nilimwambia, dada, mimi kambi usinieleze. Akanitazama kwa muda, na tangu siku hiyo urafiki wetu ukawa mwingine.

Baadaye mzee alikuja Shepparton kuchuma matunda, akadunduliza, akanunua kipande cha shamba na mdogo wake. Mke alimuoa mwaka 1964 akiwa hayupo. Harusi ilifungwa kanisani Calabria na kaka mtu ndiye aliyesimama mahali pa bwana harusi. Bibi harusi akapanda meli peke yake na picha mkononi. Wako wanawake maelfu wa Kiitaliano waliokuja Australia kwa njia hiyo.

Sasa mzee ana ugonjwa wa kusahau. Kilichoondoka kwanza ni Kiingereza, chote, miaka sitini ya Kiingereza. Kisha kikaondoka Kiitaliano cha redioni. Kilichobaki ni Kikalabria cha mama yake. Nimejifunza maneno kama ishirini, nikimwambia "veni ccà" anakuja. Mimi ananiita "figghiola", yaani msichana. Wahudumu wenzangu wanasema anatulia nikiwa zamu. Nadhani anatulia kwa sababu nami nina lafudhi.

Naenda kulala, nitaendelea kesho.

Kijana wa Lindi:

Dada, endelea, tupo. Hapo kwenye Kiingereza kuondoka kwanza umenigusa. Babu yangu alifanya kazi meli miaka mingi, alijua lugha tano. Mwishoni alibaki na Kimwera tu, sisi wajukuu tukawa tunamtazama.

Baba Wawili:

Uzi mzuri, lakini naomba niseme ukweli, msinichukie. Mtoto anayeona aibu kuitwa na mama yake kwa lugha ya mama yake amekosa adabu, na dawa ya adabu tunaijua. Mkianza kuwaonea huruma ndipo mnawapoteza. Mimi wangu wawili hapa Ohio, ukivuka mlango wa nyumba yangu Kiingereza kinabaki nje na viatu.

Mwana-Kalemie:

Kaka Baba Wawili, sikuchukii hata kidogo. Jioni ile nilikuwa na maneno yako yote mdomoni. Soma hii sehemu ya pili halafu uniambie.

Binti wa mzee alizaliwa 1968, wa mwisho kati ya wanne. Kwa desturi yao binti hupewa jina la bibi mzaa baba. Dada zake wawili walikuwa na majina mengine kwa sababu nisizozijua, yeye ndiye akapewa la bibi: refu, la silabi nne, zuri ukilisikia kwa mzee. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alilijaribu mara mbili likamshinda, akasema, tutakuita hivi, akampa jina fupi la Kiingereza. Akiwa na miaka sita akarudi nyumbani na jina jipya. Mama yake hakuelewa. Baba yake alielewa, akatoka nje, akaenda kukaa shambani mpaka giza.

Kwa hiyo akawa na majina mawili, na kila jina na mtu wake. Wa shuleni alikuwa mcheshi. Wa nyumbani alikuwa mkimya.

Chakula cha mchana alipewa mkate mzito wa nyumbani wenye pilipili za kukaanga na yai, mafuta yakapenya kwenye karatasi. Wenzake walikula mkate mweupe wa dukani uliopakwa Vegemite, kile kipako cheusi cha chumvi cha huku. Walimzibia pua, wakamwita wog. Ni tusi, walilitumia kwa Waitaliano, Wagiriki, Walebanoni, wote wa upande ule. Akaanza kuuficha mkate nyuma ya tangi la maji la shule, kila siku, miaka miwili. Aliniambia, "Nilikuwa nashinda na njaa, nikirudi mama ananiuliza kama kilikuwa kitamu, nasema ndiyo." Alipokuwa anasema hayo alikuwa anamlisha baba yake uji kwa kijiko, na mkono ulikuwa unatetemeka. Ana miaka 57.

Hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonifungua macho.

Mtoto huyo huyo aliyeficha mkate ndiye aliyekuwa mdomo wa familia. Akiwa na miaka tisa alimfuata mama yake kwa daktari kumtafsiria mambo ya uzazi ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Akiwa na kumi na moja aliketi benki kati ya baba yake na mtu wa mikopo. Alijua wanadaiwa kiasi gani, alijua mavuno yakiharibika shamba linaondoka. Usiku alikuwa anapiga hesabu hizo kitandani. Halafu alipofika miaka kumi na sita, akaomba kwenda kwenye dansi ya shule, baba akasema binti haendi bila kaka yake, na kaka yake hataki, basi haendi. Yaani benki ni mtu mzima, kwenye dansi ni mtoto.

Kaka, mwanangu amenisomea barua za serikali tangu ana miaka minane. Alijua kabla yangu kwamba ombi la kumleta mdogo wangu limekataliwa, kwa sababu yeye ndiye aliyelisoma kwa sauti. Sikuwahi kulifikiria hilo kama mzigo. Nilikuwa namsifia mbele ya wageni kwamba ana akili.

Kulikuwa na mambo mengine. Mwishoni mwa Februari ilikuwa siku ya nyanya. Ukoo wote unakusanyika, masanduku kwa masanduku, wanasaga, wanajaza kwenye chupa za bia zilizooshwa, wanazichemsha kwenye pipa la mafuta juu ya kuni, nyuma ya nyumba. Sosi ya mwaka mzima. Majirani wakipita wanachungulia ua mzima umekuwa mwekundu. Alipokuwa na miaka kumi na tatu alijifungia chumbani akasema anaumwa tumbo.

Na kila Novemba baba aliwapeleka Murchison, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Wakati wa Vita vya Pili upande huu wa Tatura na Murchison ulikuwa na makambi ya mateka na wafungwa, na Waitaliano walikuwemo: askari waliokamatwa kaskazini mwa Afrika, na raia waliokuwa wakiishi humu humu Australia wakachukuliwa kwa sababu tu Italia imekuwa adui. Waliofia humo, takribani 130, mifupa yao imewekwa kwenye jengo dogo kama kanisa lililofunguliwa 1961. Waitaliano husali pale kila mwaka. Yeye alikwenda akiwa amenuna. Baba wa rafiki yake alikuwa amemwambia, "Ninyi mlikuwa upande wa pili." Sasa anasimama pale kati ya watu wa baba yake, anajiuliza yeye ni upande upi.

Kuna siku moja tu ya utoto wake ambayo anaisimulia akicheka. Fainali ya Kombe la Dunia 1982, Italia na Ujerumani Magharibi, Madrid. Huku ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu tarehe 12 Julai, baridi kali. Nyumba ilijaa watu wamejifunga mablanketi. Italia ikashinda 3–1. Mzee, mtu asiyecheka, alitoka nje na sufuria na mwiko akawa anapiga, mbwa wa shamba zima wanabweka. Kwenye televisheni wakaonyesha mtaa wa Lygon kule Melbourne umejaa watu, bendera, magari hayasogei. Akaniambia, "Sikuwa najua kwamba tuko wengi hivyo." Siku hiyo alikwenda shule na utepe wa rangi tatu kwenye nywele. Hakuna aliyemwambia kitu. Jumanne akauvua.

Pwani ya Malindi:

Dadangu, pole na kazi. Sisi Malindi tuna Waitaliano wetu. Walianza na kituo cha San Marco, kule Ngomeni, walikorushia satelaiti baharini kuanzia 1967. Baadaye wakaja wa mahoteli, nao wakaleta watoto. Nimesoma na mmoja, amezaliwa hapa, Kiswahili chake ni cha Shela kabisa, anakula viazi karai na ukwaju kando ya barabara. Wageni wa hotelini wakija anawatafsiria baba yake. Siku moja nilimuuliza akienda Italia anajisikiaje, akasema, "Kule hawaniamini nikisema naenda nyumbani." Lakini yeye hakuna aliyemzibia pua. Alikuwa na pesa na ngozi ya kukingia. Naona tofauti kubwa iko hapo.

Kijana wa Lindi:

Kumbe na kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu kule Kenya kilijengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wanajenga barabara. Nimepita pale na lori mara nyingi bila kujua walikuwa na wenzao Australia.

Baba Wawili:

Dada, hapo kwenye benki umenipiga. Mkubwa wangu ana miaka 12, juzi nilimpa simu aongee na kampuni ya bima kwa niaba yangu, saa nzima. Nilikuwa nimekaa pembeni namwambia sema hivi, sema vile. Endelea.

Mwana-Kalemie:

Ahsante kaka kwa kusema. Pwani ya Malindi, ni kweli kabisa. Wahamiaji wote si sawa, na shamba la kuchuma matunda na hoteli ya ufukweni haviwezi kulinganishwa.

Naendelea. Mwaka 1987, binti ana miaka kumi na tisa, baba yake akampeleka Calabria kwa shangazi zake, miezi mitatu. Mzee alitaka akajifunze mwanamke wa kwao anavyokaa.

Akashuka kijijini na sketi ndefu aliyochaguliwa na mama yake. Binamu zake wa kike walikuja kumpokea kwa pikipiki, wamevaa jinzi, wanavuta sigara. Jioni walikuwa wanakaa uwanjani na wavulana mpaka saa sita usiku, na shangazi anajua. Mmoja alikuwa anaishi Roma na mchumba wake, hawajaoana. Wakamwita Mwaustralia. Alipofungua mdomo wakaangua kicheko, kwa sababu alikuwa anaongea kama bibi zao waliokwisha kufa. Na katikati ya maneno hayo ya kale akasema "fenza". Hakuna aliyeelewa. Maisha yake yote alidhani fenza ni Kiitaliano cha ua wa shamba. Ni Kiingereza, wazee wa huku walikichukua wakakivalisha nguo za kwao, kama walivyofanya kwa "farma" (shamba) na "giobba" (kazi). Shuleni Australia alikuwa Mwitaliano, kijijini Calabria akawa Mwaustralia, na lugha aliyoibeba kama urithi ilikuwa lugha ya mashamba ya Shepparton peke yake.

Alirudi na hasira ambayo anasema hajawahi kuwa nayo tena. Alimkuta baba yake anapogoa mipeasi. Hakusalimia. Akamwambia: "Ulinifungia ndani kwa sheria za kijiji. Nimetoka kijijini. Hizo sheria hazipo."

Mzee aliendelea kukata tawi moja, la pili. Kisha akasema, "Walipozibadilisha mimi sikuwepo."

Ndugu zangu, niliposikia sentensi hiyo nilikaa chini kwenye ile korido. Nilikuwa na shuka mkononi.

Mzee aliondoka 1961 na kijiji cha 1961 kichwani. Akakihifadhi kama zile nyanya kwenye chupa, kimefungwa, kimechemshwa, hewa haiingii. Kule nyuma watu waliendelea kuishi: barabara ikaja, televisheni ikaja, wasichana wakaenda vyuoni. Huku nyumbani kwake ulikuwa bado mwaka ule ule. Na mtoto alipokataa, yeye aliona anakataa Italia, anamkataa mama yake aliyemwacha kaburini kule. Mtoto hakuwa ameijua Italia ili aikatae.

Baada ya siku ile hakuwa mtu mpya ghafla, wala baba yake hakubadilika. Waligombana tena mara nyingi. Alikwenda Melbourne kusoma, akaolewa na Mwaustralia wa asili ya Kiingereza, mzee hakuzungumza naye miezi minane. Lakini anasema tangu pale alianza kumuuliza baba yake maswali ya namna nyingine. Badala ya kwa nini unanizuia, akauliza: ulipotoka, hali ilikuwaje? Ndipo aliposikia habari za Bonegilla kwa mara ya kwanza. Mzee hakuwahi kumsimulia mtoto wake yeyote. Aliona aibu. Baba naye alikuwa na mkate wake nyuma ya tangi.

Mimi nilitoka Kalemie 1999. Mwanangu namkataza vitu kwa kusema "kwetu msichana hafanyi hivi". Kwetu ya lini?

Mama Torino:

Mimi ni Mtanzania, nipo Torino mwaka wa kumi na nane. Nimesoma uzi huu kwenye basi nikapitiliza kituo.

Naomba niongeze la huku, kwa sababu Italia ileile iliyotoa watoto hao sasa ina watoto wetu. Mwanangu amezaliwa hapa, ana miaka 16. Anaongea Kitorino na bibi wa ghorofa ya chini, anakasirika timu ya Italia ikifungwa, na si Mwitaliano. Sheria ya uraia ya 1992, namba 91, inasema mtoto wa wageni aliyezaliwa hapa asubiri mpaka atimize miaka 18, awe ameishi humu bila kukatiza, ndipo aombe, na ana mwaka mmoja tu wa kuomba. Darasa lao likisafiri nje ya nchi, yeye karatasi zake ni tofauti. Juni 2025 kulikuwa na kura ya maoni ya kupunguza miaka ya ukaazi kwa wageni wazima kutoka kumi hadi mitano, na watoto wangefuata wazazi wao. Ilihitaji zaidi ya nusu ya wapiga kura wajitokeze, wakaja kama asilimia 30. Usiku ule mwanangu alizima simu akaniuliza, "Mama, mimi ni nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpikia pilau.

Mwana-Kalemie:

Dada Mama Torino, pole sana. Umenirahisishia nilichotaka kumalizia nacho, maana nimebakiza mjukuu.

Mjukuu wa mzee ana miaka 16 kama wako. Yeye haoni aibu yoyote. Huja kila Alhamisi akitoka shule, amevaa jezi ya buluu ya Italia, anamwita mzee nonno, yaani babu. Siku ya nyanya ndiye wa kwanza kuamka. Tusi lililomliza mama yake, yeye na marafiki zake wanaitana wenyewe kwa wenyewe kwa kupendana, na mama akisikia bado anashtuka. Kwa hesabu ya mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.1 nchini humu walijiandika kuwa wana asili ya Kiitaliano. Si jambo la kuficha tena, mkate wa pilipili na yai sasa unauzwa kwa bei kali.

Lakini haelewi neno hata moja analosema babu yake. Anakaa pale ameshika mkono wa mzee, mzee anasimulia kwa Kikalabria, machozi yanamtoka, kijana ananigeukia: anasema nini? Mimi, Mkongo mwenye maneno ishirini, ndiye namtafsiria mjukuu maneno ya babu yake. Mara nyingi najua neno moja katika kumi. Namwambia, anasema maji. Anasema mama.

Mama yake hakumfundisha. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nilidhani namwondolea mzigo."

Na pasipoti alikuwa anaitaka, alishaanza kukusanya vyeti. Mwaka huo huo wa 2025 Italia ikabadilisha sheria ya uraia wa damu. Zamani hata kitukuu alidai. Sasa inataka mzazi au babu awe na uraia wa Italia peke yake, bila mwingine. Mzee alichukua uraia wa Australia miaka ya sabini, ili apate mkopo wa shamba kwa urahisi, au hivyo ndivyo binti anavyokumbuka. Basi mlango ukafungwa. Dada wa Torino, wako ana lugha hana karatasi. Huyu hana lugha, na karatasi nayo imempita. Wote wawili wanavaa jezi moja.

Baba Wawili:

Dada, sasa wewe na binti yako mmefikia wapi?

Mwana-Kalemie:

Kaka, sijafikia mbali, nitasema nilipo.

Familia ya mzee ilitualika siku ya nyanya. Nilidhani binti yangu atakataa, akaja. Alikaa na mama wa yule kijana kwenye meza ya kukatia, wanaondoa vikonyo, saa tatu nzima. Sikusogea. Niliwasikia wakizungumza kuhusu majina, maana mwanangu shuleni wanamwita kwa kifupi na mimi sikuwa najua. Nikasikia pia akisema kuna mtoto wa Kitanzania shuleni kwao anayemcheka, anamwambia Kiswahili chake si Kiswahili, "weye" na "kuya" ni makosa. Kumbe alipokuwa ananikataza kumwita pale getini, yule mtoto alikuwa mmoja wa wale wanne. Nilijua aibu moja, kulikuwa na nyingine chini yake. Na lugha aliyokuwa anachekwa nayo ni ya kwangu, niliyompa mimi, ya Kalemie.

Usiku ule, nguo zetu zikinuka nyanya na moshi, alikuja jikoni akauliza, kwa Kiswahili, "Mama, kule kwenu sasa wasichana wanavaa nini? Wanaenda wapi jioni?"

Nikafungua mdomo kujibu. Nikaona ninachotaka kumwambia ni cha 1999.

Nikampigia mtoto wa dada yangu, yuko Kalemie, ana miaka 19. Huko ilikuwa mchana. Nikamwambia, kuna mdogo wako hapa anauliza swali ambalo mimi sina jibu lake. Nikampa simu mwanangu. Mpwa wangu akacheka, akasema ngojeni, akatoka nje, akageuza kamera upande wa barabara. Tukasogeza vichwa sote wawili kwenye kioo kidogo kile. Kulikuwa na pikipiki, muziki, wasichana watatu wamesuka nywele za rangi wanavuka kuelekea ziwani. Mwanangu akaniuliza pale ni wapi. Nilitazama sana. Palikuwa na jengo jipya, sikupatambua.